Baba Tulimwona Kwenye Ukurasa Wenu

Kaka,

Salamu zako nimezipata. Mama ameanza kula kidogo, na cherehani yake imetengenezwa.

Unauliza kwa nini tangu mazishi hapokei simu zako. Huna haya? Gazeti lilipokupa kazi ya kuendesha ukurasa wake mtandaoni, mama alikuwa wa kwanza kuufuata. Kila habari ikiingia aliwaonyesha wateja: "Hii kaiweka mwanangu!"

Siku ile simu ililia akimpima mteja mabega. Akaifungua akitabasamu. Akaona ghala limeporomoka, na baba kalazwa chini, amekufa, uso wazi, na shati alilomshonea mwenyewe limelowa damu.

Ulimtambua, kaka. Ukaiweka picha hivyo hivyo, kisha ukakaa nusu saa nzima ndipo ukanipigia. Nilipokuuliza, ukanijibu, "Wengine wangetutangulia."

Wangewatangulia kwenda wapi?

Picha umeifuta, lakini mama bado anaiona. Usimtumie tena ujumbe wa kuomba radhi. Panda basi, uje uketi mbele yake, umwambie kwa mdomo wako. Akikufukuza, sitakutetea.

Mdogo wako, mwenye hasira nawe bado.