Laptop Yenye Picha za Salwa

Langoni, Lamu
20 Januari 2025

Mdogo wangu Badawi,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima, na hicho kifua chako cha baridi ya Nairobi kimepata nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimechefukwa, na kilichonichefua ni ile laptop uliyoniletea.

Nakuandikia barua pepe kwa simu badala ya kukupigia kwa sababu nyumba za huku zimepakana; nikikohoa, jirani husema pole. Basi sikiza. Nikifunga kifuniko niende kuswali, inalala vizuri. Nikirudi nikaifungua, kioo cheusi tii. Feni yavuma, taa yawaka, lakini mshale hausogei na vibonye havisikii. Imeganda. Inabidi nishikilie kibonye cha kuzimia mpaka ife, niiwashe upya, na kazi ambayo sikuihifadhi imekwenda na maji. Chini inanuka plastiki ya kuungua. Herufi A inanata tangu siku ulipoileta. Sijui mwenyewe wa kwanza alikuwa akila nini juu yake. Mtumba wa nguo hufuliwa, huu je?

Na muda sina. Albamu ya arusi ya Salwa, binti wa Bi Shekuwe, inatakiwa kabla ya Ramadhani. Kazi yangu waijua. Siku ya kupamba, bibi arusi anapoonyeshwa kwa wanawake peke yao, simu zao zote hukusanywa mlangoni, na kamera inayoingia ni moja tu, yangu. Mle ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na wamama wenye wajukuu wanacheza kama wasichana. Picha hizo huonwa na bibi arusi na wale aliowachagua yeye, basi. Kwa hivyo usiniambie nimpelekee fundi. Niambie mimi nifanye nini.

Dadako,
Amal

South C, Nairobi
22 Januari 2025

Dada yangu Amal,

Waalaykumu ssalam. Kifua kimepoa, kikohozi kimebaki cha kuringia tu. Shemeji hajambo? Na watoto?

Ugonjwa wa laptop yako naujua, tena hauui. Ikilala haijazimika, inasinzia tu na kazi yako mkononi. Sasa kuna programu ndogo inayoongoza kioo, na ikiwa ya zamani, mashine huamka yenyewe lakini kioo hakiamki. Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, uiambie kifuniko kikifungwa isilale. Chomoa kamera na flashi kabla ya kuiacha. Kisha sasisha ile programu ya kioo kwa intaneti.

Ikikataa, mpelekee Hesbon, fundi wa simu aliye karibu na soko. Usinikasirikie, dada. Ni mtu wa bara, hajui Salwa ni nani wala Bi Shekuwe ni nani. Kwake hizo ni sura tu. Usiyakuze mambo.

Mdogo wako,
Badawi

Langoni
29 Januari 2025

Badawi,

Assalamu alaykum. Twamshukuru Mungu kwa kifua chako. Mimi kichwa chaniuma, na sababu waijua.

Nimefanya yote. Niliizuia kulala, ikachemka mpaka meza ikapata moto, chaji ikaisha nikiwa jikoni. Nikairudisha kulala, ikaganda. Hiyo programu ya kioo inakatika katikati kila nikiishusha, maana intaneti ya huku yaja na kuondoka ipendavyo.

Kwa kuwa umenisema nakuza mambo, nilikwenda kwa Hesbon kumtazama tu. Nilimkuta ameifungua simu ya mteja, anapekua picha za watu huku anatafuna mahamri, kidole kimoja mdomoni na kimoja kwenye kioo. Akamwita mwenziwe aje aone. Picha ilikuwa ya mtoto na keki ya siku ya kuzaliwa, haina ubaya wowote, lakini nilishaona ya kutosha. Nikarudi nyumbani na laptop yangu kwapani bila hata kumsalimu.

Unasema kwake ni sura tu. Umekaa Nairobi sana, mdogo wangu. Stara ya mwanamke haingoji ajulikane jina.

Dadako,
Amal

South C
30 Januari 2025

Dada Amal,

Waalaykumu ssalam. Pole kwa kichwa. Haya, nimesikia, Hesbon tumemwacha na mahamri yake.

Iko njia nyingine. Kuna programu ambayo ukiiweka na kunisomea namba zitakazotokea, mimi nitaishika mashine yako kutoka hapa kwangu, kana kwamba nimeketi kitini pako. Wewe utakuwa unatazama kila ninapogusa. Picha zako ziko kwenye faili moja, sivyo? Wallahi sitalifungua. Mimi ni nduguyo, damu moja. Kama huniamini mimi, utamwamini nani?

Jumamosi sitakuwa na nafasi. Wenzangu wa kazini wanakuja kutazama mpira, pamoja na Hamdun, yule nduguye Mselem mume wa Salwa. Tufanye Ijumaa baada ya swala.

Mdogo wako,
Badawi

Langoni
3 Februari 2025

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum, na Mungu akuweke. Natumai wageni wako walishiba na timu yenu ilishinda.

Inaamka! Naifunga, naifungua, na kioo hicho, kazi yangu iko palepale nilipoiacha. Ijumaa nilikaa nikiutazama ule mshale ukitembea peke yake mpaka nikasoma Ayatul Kursi, halafu nikajicheka. Wala hukuligusa lile faili, nilikuwa nakuangalia. Albamu imebaki kurasa chache. Nilikusema vibaya, nisamehe.

Dadako mwenye furaha,
Amal

Langoni
9 Februari 2025

Badawi,

Assalamu alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna. Afya yako leo sikuulizi.

Bi Shekuwe alikuja hapa asubuhi. Hakuketi. Kahawa nilimtilia akaiacha. Akaniambia, "Amal, Hamdun amemuona mwanangu kitwa wazi, kwenye runinga ya nduguyo. Mke wa nduguye! Na wanaume wengine wako papo, mmoya akiuliza, nani huyu mwenye hina hata magotini? Sisi twalikufungulia mwango wewe. Badawi hatukumfungulia."

Nilimjibu haiwezekani. Nilimwapia, Badawi. Nilisema ndugu yangu alikula yamini, nami nilikuwepo nikimtazama. Akanitazama vile mtu anavyotazama samaki aliyeoza, akatoka.

Niambie ni uongo. Niambie Hamdun amezua.

Amal, dadako

South C
10 Februari 2025

Dada,

Waalaykumu ssalam. Sijui nianzie wapi, na afya sina ya kusimulia.

Hamdun hakuzua. Lakini wallahi lile faili sikulifungua. Kazini kwetu hatuigusi mashine ya mtu kabla ya kuweka nakala ya kila kilichomo, isije ikafia mikononi mwetu. Nimezoea hivyo, mikono yafanya yenyewe. Nikaiagiza mashine yako ipandishe nakala ya kila kitu kwenye hifadhi yangu ya intaneti, ikapanda usiku kucha kila mtandao wenu uliporudi. Kumbe runinga yangu ikikaa bila kazi huchota picha kutoka hifadhi hiyohiyo na kuzipitisha moja moja. Mpira ulifika mapumziko, tukaisimamisha, nikaenda kutia chai. Nilipotoka jikoni Salwa alikuwa ukutani, mkubwa kama mlango. Nikachomoa waya, nikaurudisha mpira ulipoanza tena.

Nimeshafuta zote. Nilikunyamazia kwa sababu nilidhani yameisha. Na dada, walikuwa watu wanne tu. Tevin, huyo aliyeuliza habari za hina, hata hajui Lamu iko wapi. Kwa kweli Hamdun ndiye aliyekosea, angenyamaza. Waambie akina Bi Shekuwe ilikuwa bahati mbaya ya mitambo, wataelewa.

Mdogo wako,
Badawi

Langoni
18 Februari 2025

Badawi,

Assalamu alaykum.

Hamdun angenyamaza? Sentensi hiyo nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mke wa mtu yuko ukutani wewe watia chai, ukatoka, ukachomoa waya, ukakaa na wageni wako mkamalizia mpira, kisha siku zote hizo mimi nakuandikia shukrani na wewe wazipokea kimya. Na leo mkosa ni yule aliyesema.

Hesbon nilimwona mchafu. Nilimwona mchafu kwa vidole vya mafuta. Lakini Hesbon angeona wanawake asiowajua, na kesho angewasahau. Wewe ulimketisha shemejiye Salwa mbele yake. Mgeni hangeweza kunifanyia hivyo, kwa kuwa mgeni hana njia ya kuingia kwangu. Njia nilikupa wewe, nikakusomea namba kwa mdomo wangu. Najichukia kwa hilo, na wewe nakuchukia zaidi.

Arusi mbili za kabla ya Ramadhani nimealikwa, nikaambiwa kwa adabu kamera niiache nyumbani. Kwa Salwa mambo hayajatulia. Mselem hasemi na nduguye, na mkewe hasemi na mtu.

Jana Bi Shekuwe alirudi, amekuja naye Salwa. Safari hii aliketi. Alitaka picha zote zifutwe mbele ya macho yake, na albamu isichapishwe. Kadi ya kamera nilikwisha kuisafisha zamani kwa ajili ya kazi nyingine, kwa hivyo zilizobaki duniani ni hizo za kwenye laptop. Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo maana amekuja.

Salwa aliomba azitazame mara moja kwanza. Tukaketi watatu kitandani. Nilikuwa nafungua moja, anaitazama, nafuta. Hina, maua ya nyweleni, shangazi zake wamekumbatiana wakicheka. Mashine haikuganda hata mara moja, umeitengeneza vizuri.

Ya mwisho ilikuwa ya nyanyake, mama mzazi wa Bi Shekuwe, tuliyemzika Ijumaa. Huenda hata habari hukupata. Bibi yule maisha yake yote alikataa kupigwa picha, hata kitambulisho alilazimishwa akafumba macho. Siku ya kupamba aliniita mwenyewe. Alisema, "Nipije picha na mimi, leo tu wanawake peke yetu." Akajivua mtandio, akashika kidevu cha mjukuu wake, akacheka, na nikaipata.

Salwa alinishika mkono. Nikamwambia Bi Shekuwe, hii tuibakishe, ni mama yako. Aliitazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Halafu akasema, "Na hiyo, Amal."

Nikaifuta.

Usiniandikie.

Amal