Karai Halirudi Tupu

Itiryo, Tarime,
7 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Simon,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia tangu Pasaka, kwa hiyo nimeamua kuiitikia mwenyewe kabla haijachacha. Hujambo lakini? Wifi yangu Nora hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anakwenda kanisani akiwa amejishika kiuno? Na baridi ya huko Njombe, mbao zinakauka kweli, au watu wanauziwa vitanda vinavyotoa maji?

Huku tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, ni goti la kushoto tu linalomsumbua, ila Jumapili bado anapanda kilima na kuwapita vijana njiani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Mvua bado, vumbi ndilo linalotawala, na mto umebaki mwembamba sana. Binti yako Waisiko tunaye hapa nyumbani kama ulivyotuagiza, mimba yake ina miezi sita na kliniki hakosi. Kwa macho anaendelea vizuri. Nimesema kwa macho makusudi.

Barua hii anakuletea Emanuel, mtoto wa jirani yetu mzee Waitara, anayepeleka lori la mahindi Makambako. Nimekupigia simu mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa na mteja, mara ya pili mtandao ulikuwa mbaya, mara mbili za mwisho uliikata. Simu unaweza kuikata. Barua itabidi uichane, na nakujua, huwezi kuchana karatasi yenye mwandiko wangu kabla ya kuisoma.

Simon, nimekasirika. Nimekasirika tangu mwezi wa sita na hasira yenyewe imeanza kuninyima usingizi.

Unakumbuka mwezi wa pili ulivyopiga simu ukasema rafiki yako Batholomeo anakuja, apewe sehemu pale juu ya mto, kwenye shamba ulilopewa na baba, aweke mwalo wake wa kuoshea mchanga wa dhahabu. Ukasema ndiye aliyekubeba mgongoni kule machimbo ya Chunya ulipougua ukawa hujitambui. Nani angekataa? Mama alilia kwa furaha. Mimi mwenyewe nilimchinjia jogoo. Mtu aliyemwokoa ndugu yangu ni ndugu yangu, na hilo silifuti hata leo.

Lakini wewe uliona shamba tu. Hukuona kwamba chini ya mwalo ndipo ng'ombe wanakunywa, chini ya ng'ombe ndipo tunaloweka mihogo ya udaga, na chini kabisa ndipo bustani yangu ya mboga, mnavu na chinsaga, ambayo umekula tangu ukiwa na meno mawili. Batholomeo anashika dhahabu yake kwa zebaki. Akimaliza anamwaga maji, na maji yanajua njia moja tu.

Mwezi wa sita bibi afya wa kata, Agness, aliitisha mkutano. Alisema vizuri, sina ugomvi naye. Alisema zebaki haionekani wala hainuki, na ukichemsha maji haitoki. Alisema inamdhuru zaidi mtoto aliye tumboni, inamharibu ubongo kabla hajaona jua. Nilimuuliza kama mboga zangu zina sumu. Akasema hajui, maji hayajapimwa, na mpaka yapimwe tusile kitu kinachotoka mto ule. Halafu akatugawia karatasi yenye picha ya sahani nzuri, imeandikwa: Chagua chakula salama, tunza mazingira.

Ile karatasi nimeibandika jikoni na kila nikiiona nasikia kuitupia mwiko. Nichague, nichague nini? Aliyenichagulia ni wewe, ukiwa Njombe, kwa simu ya dakika tatu.

Hata hivyo nimejaribu, usije ukasema dada anapenda lawama tu. Niliacha bustani nikaanza kununua kabichi za mnadani. Kabichi kubwa, zinang'aa, hazina hata tundu moja. Nikamuuliza muuzaji amezifanyaje, akajisifu kwamba amezipiga dawa jana asubuhi ili zimfikishe sokoni salama. Jana! Nikarudi na kikapu kitupu. Kumbe siku zote tulikuwa tunawacheka wenye mboga zilizotobolewa na wadudu, na mdudu ndiye alikuwa mwonjaji wetu.

Nikapanda mnavu kwenye viroba hapa uani, nikawa namwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ulichipua vizuri mpaka mbuzi wa Mama walipokata kamba. Nilipolalamika, Mama akasema mbuzi nao ni watu wa hapa. Maji ya kunywa tunachota kisima cha shule, saa nzima kwenda na kurudi, na ndama naye nampa ya kisimani. Ng'ombe wakubwa siwawezi, wanashuka mtoni kama kawaida, na maziwa yao nayatazama bila kujua niyawazie nini.

Sasa nikwambie habari ya karai.

Batholomeo ni mtu wa shukrani. Mwezi wa saba alimletea Mama karai kubwa, zito, la kupendeza. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Mimi sikuwepo, nilikuwa kisimani. Wiki nzima baadaye nakuta kimea cha wimbi kimelowekwa humo, cha kupikia uji. Nikamuuliza karai limetoka wapi. Mama akanijibu, "La mura wetu, yule kijana wa dhahabu. Alikuwa anaoshea mchanga, mimi nimelisugua kwa majivu, limetakata."

Nilikaa chini, Simon. Nilimuuliza ni nani ameshakunywa uji wa karai lile. Akasema amekunywa yeye kidogo, kilichobaki anampa Waisiko, kwa sababu mwenye mimba ndiye wa kushibishwa. Kwa upendo, asubuhi na jioni, siku saba.

Nilimwaga kile kimea. Ndiyo, nilimwaga nafaka mbele ya mama yangu mzazi, na hakuniongelesha siku mbili. Nikasema karai linarudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo kesi ilipoanza upya, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama akaleta unga wa wimbi, debe zima, akaanza kuumiminia humo. Nikamwambia Batholomeo ana mke, Juliana, na watoto wawili wadogo, unga huo watakula wao. Mama akasema afadhali afe kuliko kijiji kiseme nyumba ya marehemu mume wake ilirudisha karai tupu.

Tulibishana mpaka jirani wakatoka nje. Mwisho nilijaza kuni. Karai zima, kuni kavu nimezipanga vizuri kama mikate. Si chakula, na si tupu. Mama alitazama, akaguna, akasema baba yenu angecheka. Nikajitwika.

Batholomeo alicheka pia, kwanza. Nilipomweleza akamwita Juliana, wakalitoboa karai lile matundu kwa msumari mbele yangu ili lisibebe tena chakula cha mtu. Si mtu mbaya. Nikamwomba ahamishe mwalo, auweke kule upande wa barabarani, mbali na mto, achimbe bwawa lake na kulitandika turubai. Akaniambia, "Dada Gati, nitahama hata kesho. Lakini hapa aliniweka Simon. Shamba ni la Simon, na kule barabarani ni la Simon. Wewe ukinihamisha, wazee watasema nimehamishwa na mwanamke, na yeye atasema nimemdharau. Aseme yeye."

Nilikwenda kwa mzee Nyangwine, mwenyekiti wa ukoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa na kiti. Halafu akasema maneno yale yale: mwenye shamba aseme. Mimi ninayelima pale kila siku, ninayejua kila jiwe la mto ule, sina neno. Wewe uliyeondoka miaka kumi na moja iliyopita ndiye mwenye neno, na simu hupokei.

Najua kwa nini hupokei. Unaona aibu kumwambia aliyekubeba ajibebe aende. Aibu hiyo naielewa na naiheshimu. Ila hakuna anayemfukuza. Ni kumsogeza hatua mia tano kutoka kwenye maji. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe, ndugu yangu, umelichuma ukala kona, huku wa kwako ndio tunaolila.

Waisiko nilimpeleka kwa Agness. Akanivuta pembeni akasema tumfuatilie, asile tena kitu cha mto, na tumwombe Mungu; Waisiko mwenyewe sijamwambia, nisimtie hofu. Amesema huenda ni kidogo, huenda hakuna kitu. Huenda! Kila usiku nalala na hilo neno.

Juzi jioni Waisiko alikuja jikoni akiwa amejishika tumbo, anacheka. Akaniambia, "Shangazi, mtoto anataka chinsaga ya bustanini, ile chungu, ya maziwa." Bustani iko kule chini mtoni, ambako yeye hashuki siku hizi, Simon, imejaa, kijani tupu, haijawahi kustawi namna ile. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia mbuzi wameimaliza.

Tangu nizaliwe sijawahi kumnyima mtu chakula katika nyumba hii. Mgeni, mwendawazimu, hata yule aliyetuibia mbuzi alikula kwanza ndipo akapelekwa kwa mtendaji. Mtu wa kwanza kumnyima ni binti yako, naye ana mimba.

Emanuel atakaa Makambako siku mbili ndipo arudi. Usimrudishe mikono mitupu, unajua desturi yetu. Lakini sitaki kitenge, sitaki majani ya chai, na Mama hataki blanketi. Nataka karatasi moja yenye sahihi yako, imwambie Batholomeo asogee upande wa barabarani, nawe unamshukuru kwa yote. Nitampelekea mwenyewe, na nitamsaidia kuchimba hilo bwawa.

Nisalimie Nora, mwambie mgongo aukande kwa maji ya moto yenye chumvi. Msalimie na mjomba Nashoni mkionana. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Waisiko anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia nini. Kila asubuhi anatoka anawafokea wale mbuzi.

Mungu akulinde na akupe ujasiri wa kusema neno moja gumu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nilivyo na hasira,

Gati