Gauni la Mama na Nguo za Gråmark

Lemvig,
17 Septemba 2023.

Mpendwa Kaka Eskild,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Wifi Heather na mtoto wenu Signe hawajambo? Na lile bega lako, limepata nafuu au bado linakuamsha? Najua kwenu huko ng'ambo huu ni wakati wa kondoo kuzaa na hulali vizuri, kwa hiyo isome barua hii utakapopata nafasi ya kukaa chini. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima, ila sikio la kushoto limekufa kabisa na kifaa cha kusikia hataki kukivaa. Ukimsemesha anakugeuzia upande wa pili kama jogoo.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nina jambo ambalo kwenye simu ningelisema vibaya, au ningelipunguza ili tumalize haraka. Ndiyo maana naandika.

Unaujua ule mchezo ninaoucheza kila kiangazi, ule uliowahi kusema unaonyesha sijakua. Bado. Watu mia nne tunaingia msituni kule Thy, tunakaa siku tano, na kila mmoja anakuwa mwananchi wa nchi isiyokuwepo. Anakula kama watu wa huko, anaongea kama wao, anagombana kama wao. Jukwaa hakuna, watazamaji hakuna. Mwaka jana kundi letu liliamua kuanzisha nchi mpya, tukaiita Gråmark, yaani nchi ya kijivu. Ni nchi ya mawe na sala. Watu wake hawajipambi, hawacheki mbele ya wageni, na wimbo wao ni wa ibada tu. Nikaombwa nibuni mavazi yao kwa sababu fundi wa kushona kundini ni mimi peke yangu. Wengine wote ni wauguzi na watu wa kompyuta.

Kiongozi wetu, muuguzi mmoja aitwaye Thorkil, alitaka ngozi nyeusi, minyororo, na wekundu kidogo kifuani. Nikamwambia hao si wacha Mungu, hao ni bendi ya roki. Alicheka, lakini hakukubali.

"Sidsel, ukiondoa vyote hivyo tutaonekana kama watu waliosahau kumaliza kuvaa."

"Tutaonekana kama watu wasiojali kutazamwa," nikamjibu. "Wewe hukulelewa kwenye nyumba ya sala. Niachie mimi."

Akaniachia. Nikachagua rangi moja tu, kijivu, na kitambaa kimoja, sufu. Vifungo havionekani, kulabu zimejificha chini ya mkunjo. Ukosi unapanda mpaka chini ya kidevu, kichwa kisiweze kuinama. Mifuko hakuna, kwa kuwa mtu wa Gråmark hana kitu cha peke yake. Hilo la mifuko lilileta kelele kuliko yote. Funguo za gari tuweke wapi? Nikawaambia wazitundike shingoni, kwa ndani, zikiwachoma wavumilie. Pambo nililoruhusu ni uzi mweupe kwenye mkono wa kushoto, mshono mmoja kwa kila mwaka wa nadhiri.

Nilichora mara kumi na moja. Kila mara zilitoka nguo za maigizo. Mtu niliyemchora alionekana kama ameuvaa ukali jana tu. Sikuweza kuchora mtu aliyezeeka nao.

Mwezi wa Februari nilikwenda kwa Baba akiwa kwenye mkutano wa sala. Nikafungua sanduku la marehemu Mama, nikatoa lile gauni lake la kijivu. Unalikumbuka. Ndilo alilovaa kila Jumapili mpaka mwaka nilipopata kipaimara. Nililichukua bila kumwuliza mtu.

Nilikusudia kulipima tu. Lakini Mama alikuwa fundi wa kweli, na kazi ya fundi wa kweli haionekani kwa nje. Mabega yalikaa kwa namna nisiyoielewa. Basi nikalifumua lote, nikalilaza vipande vipande juu ya meza ya kukatia, nikachora kila kipande kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipokiona kiuno. Sufu hukumbuka sindano. Ukifungua mshono wa zamani, unabaki mstari wa vitundu, na kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani hakijapauka kama cha nje. Kiuno cha gauni lile kiliachiwa na kubanwa tena mara tatu. Nilihesabu kwa miwani, nikahesabu tena kwa vidole. Mara tatu, na kila mara kwa upana wa mwanamke mwenye mimba kubwa.

Sisi tuko wawili, Eskild.

Sikufanya lolote. Nilikuwa na watu thelathini na wanane wa kuwavalisha, nikaendelea kukata. Nao niliwawekea kitambaa cha akiba kiunoni kama alivyofanya Mama, ili gauni moja liweze kuvaliwa na yeyote. Tukaifanya kuwa sheria ya Gråmark: nguo si ya mtu, ni ya nchi.

Jumamosi moja ya Aprili Baba aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, na mfuko wa viazi mkononi. Vile vipande vilikuwa bado mezani. Nadhani alikitambua kitambaa kabla ya kutambua kilichokipata.

"Hili ni la Ragna."

"Ndiyo, Baba."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna. Nilitaka kujua lilivyokatwa. Nitalishona tena."

"Kwa kazi gani?"

Nikamweleza ukweli: mchezo, msitu, nchi ya Gråmark na dini yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo watu wazima, wenye akili zao, wanacheza kumwogopa Mungu." Halikuwa swali. Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama nilikosea. Niliweka kidole kwenye kiuno cha gauni.

"Baba, hapa pameachiwa mara tatu."

Alipatazama kwa muda. "Mama yako alijua alichokuwa akifanya," akasema, akaondoka na viazi vyake.

Hakuja kunywa kahawa kwangu kwa wiki kumi na moja. Nilipompigia simu alinieleza habari za mvua.

Julai tukaenda Thy. Tuliingia kambini wawili wawili, kimya, watu thelathini na wanane wa rangi moja. Wafanyabiashara wa nchi jirani walikuwa wakichoma soseji na kutukanana. Wakanyamaza. Sikutegemea hilo. Lakini kilichonifurahisha kama fundi ni kingine. Kwa kuwa mifuko haikuwepo, watu hawakujua waiweke wapi mikono yao, na kufikia siku ya pili wote walikuwa wameikunja kifuani. Mimi sikumwambia mtu asali. Nguo ndiyo iliyowaambia.

Thorkil alinijia akiwa amenyooka shingo kama mlingoti. "Dada, leo nimeomba msamaha mara tatu na sijui nimekosa nini."

"Basi ukosi umekaa sawasawa," nikamwambia.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, Baba akatokea. Jirani yake Valborg ndiye aliyemleta kwa gari. Yeye alibaki garini na kitabu chake. Baba alikuwa na koti lake jeusi la Jumapili, kofia, na viatu vilivyong'arishwa. Walinzi wa langoni walimtazama mara moja wakampisha, wakidhani ni mtu wa Gråmark. Mmoja aliniambia baadaye kwamba hajaona mavazi yaliyobuniwa vizuri kama yale.

Kabla sijamfikia, mwanamke mmoja alipiga magoti mbele yake. Ni mwalimu wa hesabu kutoka Aarhus, na siku hiyo alikuwa na masikio marefu ya mpira yaliyochongoka, kama ya viumbe wa ngano.

"Mzee mtakatifu wa Gråmark," akasema, "nibariki. Watu wangu wanakwenda vitani."

Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka hapo. Nilijua nilipaswa kukimbia. Sikukimbia. Baba aliinua macho akanitafuta, akaniona nimesimama pale ndani ya gauni lililokatwa kama la Mama. Kisha akamwinamia yule mwanamke.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Akataja jina lake la mchezoni, refu, lenye konsonanti nyingi.

"Hilo hapana. Jina lako."

Yule mwanamke akasita. "Lisbet," akasema.

Baba akavua kofia, akamwekea mkono kichwani, akambariki Lisbet kwa ile baraka ya nyumba ya sala, yote, bila kuruka neno. Kisha akavaa kofia yake akaja kwangu. Yule mwanamke alibaki amekaa chini kwa muda mrefu. Alikuwa amevua masikio yake ameyashika mkononi.

Tulikaa juu ya gogo la msonobari. Baba alilitazama gauni langu, akalishika pembeni kwa vidole viwili.

"Limekukaa. Ila umelibana mno. Ragna alikuwa akipumua ndani ya lake."

"Nitaliachia, Baba."

Halafu akasema, bila kunitazama, "Alikuwa mtoto wa kike. Johanne. Machi ya mwaka sabini na tisa. Aliishi kwa muda wa saa sita."

Nakuandikia kama alivyonieleza, sijaongeza kitu. Amezikwa miguuni pa kaburi la Bibi, pale kwenye majani tunapolaza reki tukimaliza kusafisha. Hawakumwekea jiwe. Baba aliona kwamba kuweka jiwe ni kumnung'unikia Mungu. Nilimwuliza Baba, Mama alisema nini siku ile.

"Hakusema. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye mashine, akalibana gauni. Jumapili akalivaa kwenda kwenye sala."

"Nasi mbona hamkutuambia? Miaka yote hii, Baba?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa," akasema. "Na Eskild aliuliza."

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, Kaka. Anasema siku waliporudi kutoka hospitali ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni, miaka yako minne, umevaa viatu vyako vipya ili umwonyeshe mtoto. Mama aliingia na begi tu. Ukauliza mtoto yuko wapi. Baba akakuambia unyamaze, na kwamba swali hilo halitaulizwa tena katika nyumba ile.

"Akanyamaza," Baba akaniambia. "Nilidhani ni utii. Akaendelea kunyamaza mpaka alipokuwa mkubwa, akaondoka."

Mimi nimekufahamu maisha yangu yote kama mtu asiyeuliza. Nilidhani ulizaliwa hivyo.

Mwezi uliopita tuliweka jiwe. Ni dogo, la shambani, jina na tarehe tu. Gauni nimelishona upya na kulirudisha sandukuni. Baba alikagua kila mshono, akaniambia mmoja umepinda, na kweli umepinda. Nguo za Gråmark tumezifua na kuziweka kwenye ghala la Thorkil. Wanataka nchi hiyo iendelee mwakani, na kundi la Waswidi limeomba karatasi zangu za kukatia.

Baba anajua ninakuandikia. Yeye kalamu haimtii tena, na hata ingemtii asingeandika. Lakini juzi aliketi jikoni kwangu na kofia magotini, akaniambia niweke neno hili kama lilivyo: kwamba ulikuwa na haki ya kuuliza, na kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kisha akaniuliza kama nadhani utamjibu. Nikamwambia sijui. Akasema ni haki yako pia.

Nisalimie Heather, na umpe Signe busu la shangazi yake. Valborg anawasalimu, na Shangazi Inger anauliza kama soksi zilifika. Mungu awatunze mnapotoka na mnaporudi, na awape usingizi wa amani huko mliko.

Ni mimi dada yako, ambaye umbali haujanipunguzia pendo,

Sidsel