Vidonge Vinne Kwenye Uji wa Mama

Muscat, Jumapili

Mdogo wangu Maduhu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona. Mzima wewe? Mke na mtoto hawajambo? Mimi mgongo unaniuma kwa kumgeuza kitandani bibi ninayemhudumia huku, ila nadunda. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeandika barua nikaipiga picha.

Mama hadundi. Mama mdogo ameniambia mama ameanguka jikoni pale Kisesa, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto haunyanyuki. Daktari alipouliza dawa za presha, mama akatoa chupa zako nne: manjano, mbegu za zabibu, mafuta ya samaki, na hiyo ya kuamsha chembe za mwili zisizeeke. Mafuta ya samaki, Maduhu! Mtu aliyekulia kwenye sato unamletea samaki wa chupa.

Eti moja peke yake haina nguvu, mpaka zichanganywe zote nne. Semina ya siku mbili ya wauza virutubisho, tai shingoni, ukarudi Buhongwa unajiita mshauri wa afya, wewe ambaye biolojia ilikushinda kidato cha pili. Kila asubuhi ukawa unakwenda kumpasulia vidonge kwenye uji wa ulezi, na vya hospitali ukamwambia aache, visije vikagombana na vyako. Bibi wa huku naye anameza makopo kibao ya ujana, lakini cha presha hakosi, nampa kwa mkono wangu. Mama wa kwetu ukamwachisha. Mjinga wewe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa.

Jana nilimpigia nikamwambia atupe zile chupa. Anaongea kwa shida. Akakataa.

"Najua hazinisaidii, mwanangu. Tangu baba yenu afe, Maduhu alikuwa haji. Hizi zikiisha, atakuja kufanya nini?"

Nililia, halafu nikakuchukia upya.

Vidonge vya presha viko kabatini kwake, hataki kuvigusa. Daktari amesema akianguka tena hainuki. Kwa hiyo kesho nenda Kisesa, na keshokutwa, na kila asubuhi. Mwekee kidonge mkononi, kaa mpaka amalize uji. Habari za chembe usizitaje.

Nisalimie mkeo, na mama mdogo anayemuuguza mama. Mtoto mwambie shangazi anamkumbuka.

Na mama asijue kwamba ni mimi niliyekutuma.

Dada yako,
Nyamizi