Mama, Usimjibie Kulwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia haraka kabla Doto hajaniwahi, maana ile tabia yake ya kuamkia watu kwa niaba ya ukoo mzima bado hajaiacha. Unakumbuka asubuhi zetu za Mtendeni, wewe umekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba unapepeta karanga, wanangu mapacha wanatoka ndani wamefuatana? "Shikamoo bibi, na Kulwa anasema shikamoo," Doto anakuambia. Nawe unaitika, "Marahaba wote wawili." Kulwa anatabasamu, mambo yameisha. Hakuna aliyeona ajabu. Tulisema tu kwamba Kulwa alitangulia kuzaliwa, basi Doto naye katangulia kusema, wamegawana.

Ulivyomjua yule mtoto, mama! Akigusa shingo, ulijua ni maji. Akikunja pua, ulijua nguo inamwasha. Akitupa jicho tu juu ya kabati, ulikuwa umeshasimama kumshushia matobolwa, vile viazi vyako ulivyovichemsha, ukavikata na kuvianika juani mpaka utamu ukakolea. Nilikuonea wivu kidogo, nakwambia ukweli. Mimi niliyemzaa nilikuwa nabahatisha, wewe ulikuwa unajua.

Kisha mwalimu wa chekechea akaniita. Alisema kwa upole kwamba Doto yuko tayari kwa darasa la kwanza, ila Kulwa hasemi, na mtoto asiyesema itakuwa kazi kumfundisha kusoma. Afadhali abaki nyuma kwanza. Nilikuletea habari hiyo hata viatu sijavua. Hukupiga kelele. Uliweka ungo chini, ukasema, "Nguo tunawanunulia sawa, kitanda kimoja, hata surua waliugua pamoja. Leo shule ndiyo iwatenge?" Mchana ule hukula. Mimi nilijifungia chumbani nikalia, kwa sababu niliogopa kwamba akishaachwa hapo, ataachwa kila mahali maishani.

Ndipo tukaenda kliniki kwa dada Rehema, yule mtaalamu wa kuwasaidia watoto wenye shida ya kusema. Ulimkazia macho ukamuuliza, "Wewe ndiye unayefungua ndimi?" Akacheka. "Hapana mama, mimi nacheza na watoto, kisha serikali inanilipa." Na kweli alikaa sakafuni akacheza. Alimpima Kulwa masikio, akamchezesha na vikombe na picha za wanyama, lakini niliona anatutazama sisi kuliko anavyomtazama mtoto.

"Masikio yake mazima, na anaelewa kila kitu," alituambia. "Wapo watoto ambao maneno huchelewa kuwatoka, na si kosa la mtu. Ila nyinyi mnamjibia mno. Shikeni kitu anachokitaka, mtazameni machoni, kisha msubiri. Hata akitoa kisauti kidogo, mpeni." Nilipomuuliza kuhusu kusoma, akasema kusoma huanzia mdomoni na masikioni; mtoto ayachezee maneno kwanza, ayakate vipande, ayapigie makofi, herufi zitamkuta ameshazoea.

Njia nzima ulikuwa umevuta mdomo. Tulipofika tu nyumbani ukalipuka. "Nimsubirishe mjukuu wangu chakula? Mimi? Kwetu Ziba hata mpita njia haombi, anakuta sahani imeshawekwa. Mtoto akiombeshwa chakula kwao, aibu ni ya mwenye nyumba."

"Mama, ndiyo dawa yenyewe."

"Dawa ya kumnyima mtu chakula mimi siijui."

Basi tukawa tunavutana. Mimi nashika kipande cha tobolwa, namtazama Kulwa machoni kama nilivyofundishwa. Yeye ananitazama kwa huruma kabisa, anageuka, anakufuata jikoni, nawe unampa. Nilikasirika, mama. Nilikuwa nakuheshimu na kukukasirikia kwa pamoja, na shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na mtoto kimya.

Mpaka Jumapili ile tuliyotoka kanisani. Tulikuwa sisi wenyewe tu, baba yao yuko Urambo kwenye masoko ya tumbaku. Ulimkalisha Kulwa kwenye kigoda chako, kigoda ambacho hata mimi nilikuwa siruhusiwi kukikalia, ukampakatisha ungo wa matobolwa na karanga. "Leo mwenye nyumba ni Kulwa," ukatangaza. "Sisi ni wageni. Na mgeni hali mpaka akaribishwe." Ukaketi mkekani, ukakunja mikono.

Sikuwa nimeambiwa lolote, lakini nikaelewa. Nikakunja mikono na mimi. Doto alifungua mdomo. Ukamtazama, akauziba kwa viganja vyote viwili. Kulwa akakusogezea ungo. Hukugusa. Akanisogezea mimi. Sikugusa. Alichukua tobolwa akakuwekea magotini, likabaki palepale kuku wanalikodolea macho. Nikaona midomo yake inatetemeka, na moyo ukanishinda, mkono wangu ukaanza kunyooka. Ukanifinya paja. Bado nakumbuka ulivyonifinya.

"Ka," Kulwa akasema. Akameza mate. "Ka... bu."

"Asante, mwenye nyumba, tumekaribia!" ukaitika, kwa sauti ya mtu aliyefika harusini. Ukala huku machozi yanakushuka mashavuni, wala hukuyafuta. Doto alipoachia mdomo wake alipiga kelele mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

Nilipomsimulia dada Rehema, alivua miwani akacheka, akasema hilo hakulisoma chuoni lakini atawafundisha wazazi wengine. Kisha akatuonyesha namna ya kulikuza. Mwenye nyumba apange karanga, kila kipande cha neno karanga yake: ka, ri, bu. Apige makofi, atafune. Kesho yake neno jingine: ma-ji, vi-a-zi, bi-bi. Baadaye akatuletea kadi, kila karanga ikawekwa juu ya herufi zake. Siku nilipolalamika kwamba Kulwa anasema "kalibu", dada Rehema alisikiliza ulivyokuwa ukimjibu kwa l hiyohiyo, akaninong'oneza, "Kwa umri wake si kitu. Na kwa bibi huyu, r angeitoa wapi?"

Wote wawili waliingia darasa la kwanza siku moja, mama. Mwalimu alikubali, ila aliwaweka madawati mbalimbali, Doto asije akamsomea pia. Ulikuwepo siku ile tunatoka sokoni, Kulwa akasimama mbele ya kibanda cha chai, akaweka kidole kwenye maandishi ya mlangoni, akayakata vipande vyake, akayaunga: karibu. Uliingia ukatununulia chai na maandazi wote, ukamwambia mwenye kibanda, "Tumekaribishwa na mjukuu wangu."

Jioni ile ndipo ulipotoa agizo. Wewe hukuwahi kukaa darasani, na ujumbe wote wa simu kutoka kwa mjomba ulisomewa na Doto. Ukasema, "Doto, umenihudumia vya kutosha. Kulwa akishaiva, ujumbe wangu atanisomea yeye." Ukatuacha kabla hajaiva. Hilo ndilo linaloniuma. Mengine yote, nikiyapima, nashukuru. Nilikuwa na mama aliyegombana nami kisha akanishinda kwa wema.

Habari za nyumbani ni njema. Kulwa yuko darasa la pili. Anasoma taratibu, kidole chini ya mstari, na mdomo wake siku hizi haulali: jana nimejikuta namwambia anyamaze, kisha nikacheka peke yangu jikoni. Kigoda chako tumekiacha palepale. Mgeni akija, Kulwa ndiye anayekikalia, anakaribisha, na hakuna anayethubutu kula kabla yake.

Jumamosi tunakuja Ziba kupalilia kaburi lako. Nimeiandika barua hii kwa herufi kubwa, nikaacha nafasi pana kati ya mistari, kwa sababu si mimi nitakayekusomea. Ujumbe wako ndio huu, na msomaji ni yule uliyemchagua. Doto ameapa kwamba ataziba mdomo.

Yapo maneno marefu humu, najua atakwama. Akikwama, mimi sitamsaidia. Na wewe hapo ulipolala usimwonee huruma, mama. Kunja mikono kama siku ile. Msubiri.

Binti yako,
Mama Kulwa