Maonyo Niliyoyazima

Alhamisi, Kiplombe

Yamebaki maonyo mawili kwenye kompyuta. Mengine nimeyarekebisha tangu asubuhi, nikipumzika baada ya kila moja kwa sababu ya kifua hiki.

Ni ile programu ya zahanati niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C nikiwa bado na nguvu. Wanaitumia hadi leo. Kompaila, chombo kinachokagua programu na kuigeuza iwe lugha ya mashine, ilinionya wakati ule kwamba ninanakili jina la mgonjwa bila kupima nafasi. Nilikuwa nimetenga nafasi ya herufi ishirini tu, kwa kuwa jina langu lote lilienea humo. Maonyo yaliponichosha, niliyazima.

Kisha akaandikishwa mama mwenye majina matatu marefu. Herufi zilizozidi zikamwagikia sehemu ya kundi la damu, zikaifuta. Lawama zikamwangukia karani, Jerotich, naye akafukuzwa. Mimi nilijua. Nikanyamaza.

Leo mchana nilimpigia simu, nikamweleza yote.

"Mzee, miaka hii yote nilifikiria ni vidole vyangu," akasema. "Mpaka leo nikiandika kitu naangalia mara tatu."

Nikamwomba msamaha.

"Andika barua kwanza, uwaambie kule zahanati. Msamaha tutaongea ukishaipeleka. Na usikufe kabla!"

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Maonyo mawili yatangoja kesho, kama nitaamka. Barua nimeimaliza. Jina la Jerotich nimeliandika kamili, majina yake yote matatu, bila kukata hata herufi moja.