Jiwe la Bi Tatu

Jumatatu, 2 Machi 1953
Zamu ya lango la mgodi, Songwa. Kupekua wachimbaji wanaotoka kazini. Midomo, nywele, viatu. Luhende, mzee wa watu, kakutwa na kijiwe cha almasi chini ya ulimi. Kidogo kama punje ya mtama. Nimemfunga pingu mimi mwenyewe. Mwaka jana nilimkamata tajiri mmoja na mfuko mzima wa almasi. Ikapigwa simu, akaachiwa. Nikakaripiwa mimi. Koplo mpaka leo.

Alhamisi, 5 Machi
Luhende kafungwa miaka mitatu. Kesi haikufika hata saa ya chai. Jioni nimekula kwa Bi Tatu, mjane mwenye mgahawa nyuma ya stesheni ya Shinyanga. Mumewe alifukiwa na kifusi mgodini. Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumapili, 8 Machi
Bi Tatu kanionyesha almasi. Kubwa kama jino. Marehemu aliificha kabla ya kufa. Abiria wa treni wanapekuliwa, askari hapekuliwi, na Jumanne nampeleka Luhende gerezani Mwanza. Yuko fundi cherehani mjini huko, mnunuzi wa siri wa almasi.
"Mpelekee, kisha tuondoke wote," alisema. "Tukaanze upya."
Siku zote huniita Afande. Leo kaniita Maganga. Sikukataa. Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumanne, 10 Machi
Jiwe ndani ya soksi. Stesheni, konstebo anayepekua alisimama wima, akanikazia mwili kwa heshima, nikapita. Rahisi mno. Ndani ya treni Luhende alikaa ubavuni mwangu, pingu moja, mkono wake na wangu. Nikamnunulia muwa. "Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. Akatafuna pingili nzima. Halafu akasema, "Wenzangu walivunjwa meno. Wewe hukunigusa. Nimemwambia mama watoto asilie, nimekamatwa na mtu."
Nikaangalia dirishani. Yeye kwa punje, miaka mitatu. Mimi na jino zima, nakaziwa mwili. Nimemkabidhi gerezani. Kwa fundi sikwenda.

Jumatano, 11 Machi
Nimerudi moja kwa moja kwa Bi Tatu kumrudishia jiwe. Kumbe jana wapelelezi walimpekulia nyumba mpaka kwenye jivu la jiko. Wanaweza kurudi wakati wowote. Nikaona nikimwachia, nimemfunga.
"Nitalipeleka kituoni," nikamwambia. "Jina lako halitatajwa."
Hakupiga kelele. "Nilidhani umechoka na maisha haya kama mimi."
"Nimechoka."
Akaendelea kuosha vikombe. Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu.

Alhamisi, 12 Machi
Nimemwambia Inspekta nimeliokota chini ya benchi la treni. Hakuamini hata neno moja. Aliuliza ni la nani mpaka sauti ikamkauka. Nikarudia lile lile la benchi. Nimevuliwa cheo. Nahamishiwa Masumbwe.
Jioni nimekuta mgahawa una kufuli. Jirani anasema kaondoka alfajiri na masufuria yake. Hakuniaga. Inauma kuliko cheo.

Jumapili, 17 Mei. Masumbwe
Asubuhi nimepatanisha wafugaji wawili, ng'ombe wa mmoja walikuwa wameingia kwenye mihogo ya mwenzake. Walikubaliana, wakaenda zao. Mchana mama mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka Nkome alipumzika barazani pa kituo. Katika maongezi akasema yuko mgeni kule mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, Tatu jina lake, kafungua mgahawa, na wavuvi wanagombania viti. Anacheka sana, kasema.
Sikuuliza zaidi. Nimenunua dagaa, nikawachambua mwenyewe, nikawakaanga na nyanya. Mvua inanyesha taratibu. Nimekula nikashiba.